Kumpa ruta mstari safi: kutoka picha ya WhatsApp hadi ubao wa mvule

Nachonga mbao kwa ruta, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Kazi nyingi zinazofika kwenye karakana yangu karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, huanzia WhatsApp. Nembo ya kwaya imepigwa picha ikiwa kwenye fulana iliyopauka. Ngege (tilapia) wa bango la hoteli ametolewa kwenye menyu yenye madoa ya mchuzi. Mteja anaona picha ipo, mbao zipo, mashine ipo, sasa fundi anangoja nini? Mama mmoja mwenye kibanda cha samaki kule Dunga aliniambia waziwazi: "Fundi, samaki si ndiye huyo? Mweke kwa mashine atoke." Nikamwambia, "Mama, mashine haina macho. Inafuata mstari tu." Akanitazama. "Basi mpe mstari."

Huyo samaki wake ndiye nitakayemtumia hapa: upana milimita 400, ubao wa mvule wa unene wa milimita 25, na maneno KARIBU SAMAKI chini yake.

Picha ya simu ni vidoa vya rangi, pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu. Hakuna popote ndani yake palipoandikwa kwamba hapa pezi linaanza na pale linaishia. Faili ya vekta imeundwa kwa njia nyingine. Ina pointi ziitwazo nodi, na hesabu za mstari unaopita kati ya nodi moja na nyingine. Biti ya ruta, yaani ncha yake ya kukatia, inatembea juu ya mstari huo. Ukiukuza kutoka sentimita 5 hadi mita 1 hauchakai, ila ukiwa umepinda, hata pindo lake litakua hivyo hivyo.

Kabla ya mashine nilikuwa naandika mabango kwa brashi, na jicho langu lilizoea kukagua kingo za herufi. Msimamo wangu ni kwamba programu ikupe mstari wa kwanza, lakini wa mwisho uutengeneze mwenyewe. Kubonyeza kitufe cha kufuatisha picha, yaani kuigeuza kuwa mistari, ni dakika moja. Kazi iko kwenye picha kabla ya kitufe, na kwenye nodi baada yake. Natumia GIMP kwa picha na Inkscape kwa mistari. Zote ni za bure na zinafanya kazi hata kwenye laptopu kuukuu.

Tafuta picha bora kabla ya kuanza kusafisha mbovu

Ukitumiwa picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa. Mwambie mteja aitume kama dokumenti, ije nzima. Tatizo la picha iliyobanwa ni kwamba mbinu ya JPEG hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibana sana huacha vumbi la kijivu kandokando ya kila mstari mweusi. Kwa macho yako ni vumbi, lakini programu inaweza kuona kila chembe kuwa umbo la kuchongwa.

Kisha uliza ni nani aliyechapisha fulana au menyu. Mara nyingi mchapishaji bado ana PDF. Ifungue, ikuze hadi asilimia 800, utazame ukingo. Ukibaki mkali bila ngazi, hiyo tayari ni vekta: ifungulie ndani ya Inkscape na usifuatishe chochote. Simu moja kwa mchapishaji inaweza kukuokolea jioni nzima.

Kama ni karatasi, peleka kwenye skana kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. A4 itakupa pikseli 2480 kwa 3508, zinazotosha kabisa. Kama ni lazima upige picha, laza kitu sawasawa mahali penye mwanga wa dirisha, simama juu yake wima, na usisogee karibu sana, kwa kuwa lenzi ya simu ikikaribia huvimbisha katikati. Fulana ivute na uibane kwenye ubao kwa pini. Picha iliyoenda upande inyooshe kwa kifaa cha perspektivu cha GIMP, ukiipima kwa kitu unachojua kuwa ni mraba.

Hapa niweke neno pembeni. Mteja akitaka Nembo ya Taifa kwenye mlango wa duka lake, mwulize kibali. Kuna sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa, Sura ya 99, na matumizi ya biashara hayaachiwi kila mtu. Nembo za klabu za mpira nazo zina wenyewe.

Ondoa kijivu, bakisha nyeusi na nyeupe

Ndani ya GIMP, kata picha ibaki sehemu unayoihitaji, kisha ondoa rangi. Sasa usikimbilie kuigeuza nyeusi na nyeupe. Ikuze kwanza mara nne kwa ukokotoaji wa kyubiki, halafu itie ukungu wa Gaussian, kisha ndiyo utumie kizingiti, yaani amri ya Threshold iliyo kwenye menyu ya rangi. Ukungu unageuza ngazi za pikseli kuwa mteremko, na kizingiti kinakata mteremko huo katikati, kwa hiyo ukingo unatoka laini. Ukiruka hatua ya ukungu, ngazi zote zitaingia kwenye mstari na utazikuta tena kwenye mbao.

Ukungu kiasi gani? Nikiwa nimekuza mara nne naanza na 5 au 6. Ukiona miale ya pezi inaanza kufifia, umezidisha. Kizingiti nacho kivute polepole huku na huku: ukikipeleka upande mmoja mistari inanenepa hadi inashikana, upande wa pili inakonda hadi inakatika. Chagua mahali ambapo uharibifu ni mdogo, kisha malizia kwa brashi nyeusi na nyeupe. Zima ulaini wa brashi, usirudishe kijivu mlichokwisha kuagana nacho.

Mafundi wengi huiharakisha hatua ya brashi, nami ndiyo ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa hapa ndipo unapoamua nini kitachongeka. Biti ina unene. Biti ya bapa ya milimita 3 haiingii kwenye mwanya wa milimita 2, hata mstari uwe mzuri namna gani. Programu ya kuchonga itauruka tu mwanya huo, na utagundua kazi ikiwa imekwisha. Kwa hiyo piga hesabu. Samaki wa Mama ana pikseli 2000 kutoka mdomo hadi mkia, naye atakuwa na milimita 400. Kila milimita ni pikseli 5. Biti ya milimita 3 basi ni pikseli 15.

Chukua brashi ya duara yenye kipenyo cha pikseli 15 na uipitishe katikati ya miale ya mapezi. Brashi isipopita, biti haitapita. Huyu ngege alikuwa na miale ya pezi la mgongoni iliyosongamana kama meno ya chanuo; nikafuta mmoja kila baada ya mmoja, nikapanua mianya iliyobaki. Aliyesimama hatua tatu kutoka kwenye bango hakuona kilichopungua, ila aliona pezi.

Pima pia kinachobaki, si kinachoondolewa tu. Kipande chembamba cha mbao kinachokatiza nyuzi huvunjika kwa urahisi kuliko kinachozifuata. Kwenye mvule nakubali milimita 2 kwa shida. Kwenye saiprasi siendi chini ya milimita 4, na penye fundo la tawi siweki kitu chembamba kabisa. MDF, ubao wa kiwandani wa unga wa mbao uliogandishwa, haina nyuzi, ila ncha zake huchanika kama kadibodi ukizifanya nyembamba sana.

Kufuatisha

Ingiza picha safi ndani ya Inkscape, ichague, bonyeza Shift, Alt na B. Dirisha la Trace Bitmap litafunguka. Kinachofanya kazi ndani yake ni Potrace, programu ya Peter Selinger, iliyotengenezwa kwa ajili ya picha za nyeusi na nyeupe. Ndiyo maana tumetoa jasho kule GIMP. Chagua kizingiti cha mwangaza na ukiache kwenye 0.45.

Vipimo vitatu vya chini ndivyo vya kuchezea. Cha kwanza, Speckles, kinafuta madoa madogo. Kiangalie kwa makini kama una maandishi ya huku kwetu: ukikipandisha ovyo, kitameza kibainishi cha ng', na jina la mahali kama Ng'iya litatoka Ngiya kwenye mvule wa watu. Cha pili, Smooth corners, kinaamua kona zipi ziviringwe. Kwenye 0 kila kitu kinakuwa mistari iliyonyooka yenye kona, na kwenye 1.34 hakuna kona inayosalimika. Kwa samaki 1.0 inatosha, kwa ngao yenye ncha nashuka hadi karibu 0.6. Cha tatu, Optimize, kinaunganisha vipande vya mikunjo ili nodi zipungue. Nakipandisha kutoka 0.2 hadi 0.5 au zaidi, nikitazama umbo lisiyumbe.

Usitumie kitambuzi cha kingo, hata kama jina lake linavutia. Kinakupa mistari miwili mahali ulipotaka mmoja. Na hata ufuatishaji wa kawaida, ukipewa mchoro wa kalamu, hufuata kingo zote mbili za wino. Ukitaka biti ipite mara moja tu juu ya mstari wa kalamu, tafuta chaguo la mstari wa katikati, lililokuja na toleo la 1.0 mwaka 2020. Mahali mistari inapokutana litaacha vikorokoro, uvitoe kwa mkono.

Matokeo yanakaa juu ya picha ya awali. Yavute pembeni, kisha futa picha. Usipoifuta, unaweza kumpelekea mwenye mashine faili ya SVG, ya vekta kwa jina tu, ambayo ndani yake kuna picha ile ile ya simu, akakuambia haoni mstari wowote.

Nodi

Geuza mwonekano uwe wa mistari mitupu: menyu ya View, Display Mode, Outline. Bonyeza N, chagua samaki, utazame idadi ya nodi chini ya dirisha. Samaki kama huyu akiwa na nodi 300, najua bado ni mchafu. Akishasafishwa hubaki na chini ya 80. Wingi wa nodi una gharama: kila kipande kidogo ni amri kwa mashine, na zile mashine zinazoendeshwa na bodi ndogo yenye programu ya GRBL huanza kusitasita, zinatembea na kusimama, na biti inayozunguka mahali pamoja huchoma mbao. Ukiona alama nyeusi kwenye mkunjo, kagua nodi kabla ya kuilaumu biti.

Ctrl na L hupunguza nodi kwa mkupuo. Ibonyeze mara moja, tazama, ngoja. Ukiibonyeza haraka haraka nguvu yake inaongezeka, na ncha za mkia zitakuwa visigino. Mimi huitumia kwenye mwili wa samaki na kuikwepa kwenye mapezi. Penye maana nafuta nodi moja moja: Delete inajitahidi kulinda umbo, na Ctrl na Delete inaunganisha zilizobaki bila kujali. Jitahidi nodi zibaki pale mkunjo unapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa, na kwenye kila kona ya kweli. Kati ya hapo acha vishikio vyake, vile vijiti vya kupindia mstari, vifanye kazi. Mstari uliokusudiwa kunyooka, chagua nodi zake mbili za mwisho, futa za kati, bonyeza Shift na L.

Kuna vitu ambavyo sivisafishi. Navitupa. Duara lililofuatishwa halitakuwa duara kamwe. Chukua kifaa cha duara, shikilia Ctrl, chora jipya juu yake, futa la zamani. Jicho la ngege lilikuwa yai, sasa ni duara la milimita 14. Ngao nazo nachora nusu, nainakili, naipindua kwa kitufe cha H, kisha naunganisha nusu mbili. Picha ya fulana haiwezi kukupa pande mbili zinazolingana, na mtu akisimama mbele ya mimbari yenye ngao hiyo ataona hilo hata kama hajui kueleza kilichomkera.

Herufi ndizo nisizofuatisha kabisa. Hapa naongea kama mtu wa mabango: herufi iliyofuatishwa ina miguu minene kwa mikonde na O iliyobonyea. Andika upya kwa fonti inayokaribia, tenganisha herufi kwa jicho, kisha Ctrl, Shift na C iwe mistari. Maandishi ya mwandiko wa kuunganishwa yanaingiliana, kwa hiyo yachague yote na ubonyeze Ctrl na alama ya kujumlisha; usipofanya hivyo biti itakata kila makutano ndani ya herufi. Kwa maandishi madogo, kama namba ya simu pembeni ya bango, kuna fonti za Hershey kwenye menyu ya viendelezi. Zilitengenezwa Marekani mwaka 1967. Chagua ile ya mstari mmoja tu, biti iandike kama kalamu.

Biti ya V ina hesabu yake

Biti ya V, yenye ncha iliyochongoka kama herufi hiyo, haichimbi kina kimoja. Inashuka mpaka mbavu zake ziguse mistari ya pande zote mbili. Pembamba inakwaruza, penye upana inazama. Kwa biti ya digrii 90 kina ni nusu ya upana. Kwa ya digrii 60, zidisha upana kwa 0.87. Tumbo la ngege wetu lina milimita 40: digrii 90 itataka kushuka milimita 20, na ya digrii 60 karibu 35, yaani itoboe ubao wa 25 na kuingia kwenye meza. Weka kikomo cha kina, tuseme milimita 6, na sehemu pana isafishwe na biti bapa. Au fanya nilivyofanya, liache tumbo zima liwe mbao, uchonge magamba, mapezi na mstari wa ubavu tu. Mvule una rangi nzuri, hakuna haja ya kuuchimba wote.

Kwa sababu kina kinafuata upana, kila mtikisiko wa mstari unageuka bonde dogo. Mtikisiko usiouona kwenye skrini utauona jua la saa kumi likipiga bango kwa upande.

Ukubwa, kisha jaribio

Weka vipimo vya dokumenti kuwa milimita. Ondoa unene wa mistari yote na ujaze rangi nyeusi, kwa kuwa Inkscape kwa kawaida hupima umbo pamoja na unene wa mstari wake. Chora mraba wa milimita 100 pembeni ya kazi na uupime tena faili ikiwa imefunguliwa ndani ya programu ya kuchonga. Ukipata 93.75, faili ilitoka kwenye Inkscape ya zamani: hadi kabla ya toleo la 0.92, la mwaka 2017, inchi ilihesabiwa kuwa na pikseli 90, na sasa ni 96. Ukipata 75, yaelekea ilitoka Illustrator, inayohesabu 72. Kuza kazi yote mpaka mraba urudi 100, kisha uendelee.

Potrace hutoa mistari iliyofungwa, kwa hiyo penye mwanya ujue ni mkono wako ulikata. VCarve, programu mojawapo ya kuchonga, inaweza kukuchagulia mistari iliyo wazi. Irudishe faili Inkscape, chagua nodi mbili za ncha, Shift na J. Mistari iliyolaliana utaijua kwa kusogeza umbo moja kando na kuona kama pacha wake amebaki chini.

Kabla ya mvule, funga kalamu mahali pa biti na uchore kazi nzima kwenye kipande cha MDF. Utaona mahali mashine inaposita, mahali inaporuka, na kama ng' imepona. Sifuri, yaani pointi ambayo mashine inaanzia kupima, iweke kwenye kona ya ubao utakayoweza kuipata tena, maana stima ikipotea katikati hutaki kukisia. Na vaa barakoa: vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua, na ndani ya mbao zake hukaa vijiwe vya chokaa vinavyovunja ncha ya biti ya V bila kukuonya.

Hifadhi faili ukiandika upana na biti kwenye jina lake, kwa mfano ngege-400mm-biti3. Weka pia ile picha nyeusi na nyeupe ya GIMP. Mama wa Dunga amesharudi, anataka samaki huyo huyo kwa milimita 120, wa kuning'iniza kwenye funguo za vyumba. Kumpunguza tu hakutoshi, kwa sababu mwanya uliokuwa milimita 3 sasa haufiki hata 1. Pikseli zake ni zile zile 2000, ila sasa milimita moja ni karibu 17, na biti ya milimita 3 ni brashi ya 50. Kwa hiyo naanza tena na ile brashi, na safari hii mapezi yanabaki na miale minne.